Taa ya injini haizimwi, inajibiwa

Nimekuwa kimya kidogo, testi na asaimenti zimebana, lakini kuna jambo limenikaa kooni na nisipoliandika leo nitalala nalo. Ni habari ya ekzosi. Ndiyo, ekzosi za magari. Hasa hii tabia ya vijana wenzetu kufunga ekzosi mpya yenye mlio wa kutisha, kung'oa masega, halafu kompyuta ya injini ikianza kulalamika wanatafuta fundi wa "kuzima taa".

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusisumbuane: ukibadilisha njia ya moshi kiasi cha kubadilisha upumuaji wa injini, una wajibu wa kuifundisha upya kompyuta ya gari. Kama huna hela ya kuifundisha, bado huna hela ya ekzosi. Na masega yaachwe yalipo.

Najua wapo watakaosema, wewe mtu wa ualimu unajua nini kuhusu injini? Sawa. Lakini nikiwaeleza jinsi hiyo kompyuta inavyofanya kazi mtaona kwamba hapa tunazungumzia kufundisha, kupima na kudanganya mtihani. Huko ndiko nilikoandikishwa.

Tuanze na kazi yake. Kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi wanaiita kontroboksi, inaamua mambo makubwa mawili: mafuta kiasi gani yapulizwe na nozeli, na cheche ya plagi ipigwe lini. Petroli inaungua kikamilifu ikikutana na hewa kwa uwiano wa karibu 14.7 kwa 1, yaani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mkavu. Mafuta yakizidi, unakuwa mzito.

Itajuaje kama imepatia? Kwenye bomba la moshi, kabla ya masega, kuna sensa ya oksijeni. Inaonja moshi unaotoka na kutuma umeme kidogo kwa kompyuta. Ukiwa juu ya volti 0.45 hivi, mafuta yamezidi. Ukiwa chini ya hapo, hewa imezidi. Kompyuta inapunguza, inaonjesha tena, inaongeza, inaonjesha tena, hivyo hivyo safari nzima ukiwa unaendesha taratibu. Ikigundua kwamba kila siku inalazimika kuongeza, inaandika pembeni kwenye kumbukumbu yake: hii injini siku hizi inataka zaidi, nianzie juu kidogo. Jamani, si ndiyo tathmini endelevu tunayoimbiwa kila siku darasani? Mwalimu anauliza, anasikia jibu, anarekebisha somo.

Sasa hapo ndipo mafundi wa vijiweni wanapopata ile kauli yao, "kompyuta itajipanga yenyewe". Ina ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayoua injini.

Kwa nini nusu? Kwa sababu ukikanyaga mafuta hadi chini, kwenye gari nyingi za miaka ya 1990 na 2000 tunazoendesha hapa nchini, kompyuta inaacha kuisikiliza hiyo sensa. Sensa ya kawaida inajua tu "imezidi" au "imepungua" pale karibu na 14.7. Haijui imezidi kwa kiasi gani. Injini inapofanya kazi nzito inataka mafuta mengi zaidi, karibu 12.5 kwa 1, na ya turbo inataka mazito kuliko hapo, ili ipate nguvu na chumba cha kuunguzia kipoe. Kwa hiyo kompyuta inafungua jedwali lililojazwa na wahandisi kiwandani: mzunguko huu, hewa kiasi hiki, weka mafuta haya, piga cheche hapa. Jedwali hilo lilijazwa gari ikiwa na ekzosi ya kiwandani. Yaani hapo kompyuta haijifunzi tena, inajibu kwa kukariri. Wewe umebadilisha mtihani, yenyewe inaandika majibu ya mwaka jana. Hiyo ni kudesa, na tunajua kudesa kunaishia wapi. He he.

Nisije nikaonekana natisha watu bure. Si kila ekzosi inahitaji kompyuta kuguswa. Kama gari yako haina turbo na umebadilisha mafla ya nyuma tu, ile ya mwisho kabisa, faida yake ni ndogo na hatari yake ni ndogo. Nyingi zina sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta itaona mabadiliko hayo madogo na kuyafidia. Utapata kelele tu, na majirani watakuchukia, basi. Lakini zipo gari ambazo hazipimi hewa moja kwa moja. Zinakadiria kwa kuangalia presha ya ndani ya manifodi na mzunguko wa injini, halafu zinakwenda kwenye jedwali. Hizo, ukibadilisha manifodi ya moshi, zile "hedasi", umebadilisha jinsi silinda inavyojaa na makadirio yao yanakuwa ya zamani.

Kuna na jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui. Fundi akiunga bomba vibaya na pakabaki tundu kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inavutwa ndani kati ya mapigo ya moshi. Sensa inaonja oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, inaripoti kwamba mchanganyiko ni mkavu, na kompyuta kwa uaminifu wake inaongeza mafuta. Ndiyo maana mtu anafunga ekzosi mpya halafu analia gari imeanza kunywa mafuta. Anasema kompyuta mbovu. Kompyuta imepewa taarifa ya uongo, ingefanyaje?

Kwenye turbo ndiko nilikopatia hasira ya kuandika. Turbo inazungushwa na moshi. Ili isisukume hewa kupita kiasi, ina kilango kinachochepusha moshi mwingine, na kompyuta ndiyo inayosaidia kuamua kifunguke kiasi gani. Kiasi hicho nacho kimekaririwa kwa kuangalia ekzosi ya kiwandani iliyobana kidogo. Weka bomba pana mara tu baada ya turbo, ng'oa na masega, moshi unatoka bila kizuizi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na presha ya hewa inapanda kupita ilivyokusudiwa. Kompyuta ikiona presha imevuka mpaka inakata mafuta ghafla. Gari inashtuka kama imegonga ukuta. Hapo inakulinda. Inapiga kelele kwa lugha pekee inayoijua.

Kaka yake rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja hosteli alikuwa na Forester ya turbo, ya cc 2000. Hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa anaikodisha kwenye harusi na safari za wikiendi, na hela hiyo ndiyo iliyokuwa inasaidia nyumbani kwao. Akafungiwa bomba pana kwenye gereji moja ya mtaani, masega yakabaki kwa fundi. Gari ikaanza kukata mafuta akikanyaga. Akarudi. Fundi hakupima kitu. Akamfungia kidude cha kuidanganya kompyuta isione presha imepanda, akafuta na ile taa, akachukua hela yake. Kweli, gari ikaacha kushtuka. Ikawa tamu, anasema mwenyewe.

Wiki chache baadaye, kwenye mlima, abiria wanne ndani, pistoni ikapasuka. Presha ilikuwa juu kuliko jedwali linavyojua, mafuta hayakutosha, mchanganyiko ukakauka, joto likapanda na petroli ikaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Hiyo ndiyo mafundi wanaita injini "kugonga". Injini nyingine kutoka Japani ilimaliza akiba yote. Mdogo wao wa kike alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ameahirisha mwaka. Rafiki yangu hazungumzi sana siku hizi, na mimi nimekuwa nikisoma habari za ekzosi usiku badala ya nondo zangu.

Sasa niambieni, nani alikosea hapo? Kompyuta ilisema. Ilisema kwa kukata mafuta, ikasema kwa taa. Kila iliposema, mtu alilipwa kuiziba mdomo. Hata kama angekuwa mwanafunzi wako, anakunyooshea kidole kwamba mwalimu hapa sijaelewa, ungemzaba kibao akae kimya halafu ujisifu darasa lako limetulia?

Kuifundisha upya kompyuta, ambako vijana wanaita "kutyuni", si uchawi, na si kupakia faili moja la kuokota mtandaoni. Kuna mpangilio wake. Kwanza unahakikisha injini ni nzima: mgandamizo wa silinda, plagi, pampu ya mafuta, hakuna tundu kwenye mabomba. Huwezi kufundisha mgonjwa. Pili, inafungwa kwa muda sensa pana ya oksijeni, ambayo tofauti na ile ya kawaida inasoma uwiano halisi, 11 au 13 au 15, si "zaidi" na "pungufu" tu. Tatu, programu ya asili inasomwa na kuhifadhiwa salama kabla ya kugusa herufi. Nne, gari inaendeshwa kwenye daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu, huku kompyuta ndogo inarekodi uwiano wa mafuta, presha, taimingi ya cheche na dalili za kugonga. Ndipo jedwali linabadilishwa kidogo kidogo, linapakiwa, linapimwa tena. Kipimo, marekebisho, kipimo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Vifaa si siri. Kwa Subaru nyingi kuna programu ya bure inaitwa RomRaider, ambayo watu wa kujitolea wameiandika kwa ajili ya kusoma takwimu na kuhariri majedwali, na kuna waya maalumu wa kuunganisha kama ule wa Tactrix. Gari nyingine kompyuta yake haifunguki kirahisi, inabidi kufungwa kompyuta ya pembeni au kubadilishwa kabisa, na hapo gharama inaruka. Ndiyo maana nasema swali la kompyuta linaulizwa kabla ya kununua ekzosi. Uliza kwanza: hii gari yangu nani hapa mjini anaweza kuipanga, kwa kifaa gani, kwa bei gani? Ukikosa jibu, rudisha hela mfukoni.

Na ramani ya mtu mwingine isikudanganye. Petroli ya daraja la juu nchini Japani kiwango chake cha chini ni oktani 96, na gari nyingi za turbo za soko la kule zilipangwa kwa mafuta hayo. Mtu aliyepanga jedwali lake kwa petroli ya kwao, hali ya hewa ya kwao na ekzosi yake, hakuwa anafikiria petroli unayoweka wewe na foleni ya mchana wa Dar. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya kupimia, vinavyouzwa bei chee kwa ahadi ya nguvu zaidi na mafuta kidogo, ndiyo kabisa. Watu wamevifungua wakakuta vinawasha taa za rangi tu. Taa!

Nije kwenye masega, maana hapa najua nitapigwa mawe. Hoja ya kwanza ninayoisikia: "masega yanabana gari." Masega yaliyoziba kweli yanabana, lakini mazima hayaibani gari ya kawaida kiasi cha wewe kuona tofauti ukienda kazini. Na yakiziba, mara nyingi ni kwa sababu injini inakula oili au plagi haziwaki vizuri. Kuyang'oa bila kutibu injini ni kumvunja kipimajoto mgonjwa wa homa.

Ukweli usiosemwa ni kwamba masega yana soko. Ndani mna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei. Fundi anayekwambia "haya hayana kazi" hayatupi jalalani. Kazi yanayo: yanageuza kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli na oksaidi za naitrojeni kuwa kaboni dayoksaidi, maji na naitrojeni. Kaboni monoksaidi haina harufu na haina rangi, na ukiizoea hukuizoea, imekuzoea wewe. Baada ya masega, gari nyingi zina sensa ya pili inayoangalia kama yanafanya kazi. Ukiyang'oa, sensa hiyo inaanza kuyumba sawa na ya kwanza, kompyuta inaandika kosa P0420, taa inawaka. Ukichomoa betri taa inazimika, unafurahi, siku chache inarudi. Ukiidanganya sensa kwa kidude, hairudi. Lakini siku kitu kingine kikiharibika, nani atakuamini kwamba kompyuta yako inasema kweli?

Na tukumbuke tulikotoka. Masega yanauawa na risasi iliyokuwa inawekwa kwenye petroli. Afrika ilikaa chini Dakar mwezi Juni 2001 ikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Dunia nzima ilimaliza Julai 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi ndilo lililotangaza. Miaka na miaka ya kusukumana ili damu za watoto zisiwe na risasi, na ili magari haya yaweze kutumia masega. Leo mafuta hayo tunayo, masega tumeyauza kwa kilo. Inauma au haiumi?

Hoja ya pili: "gari yangu, hela yangu." Kwenye pistoni nakubali, pasua unavyotaka. Lakini moshi haukai ndani ya gari yako. Unakaa kituo cha daladala, kwa mama anayeuza maandazi pale pembeni ya taa za barabarani kuanzia alfajiri. Na mlio wa saa saba usiku hauingii kwenye sikio lako peke yako, wapo watu wana pepa asubuhi.

Hoja ya tatu: "hata wakubwa wanadanganya." Ni kweli. Septemba 2015 ilijulikana Marekani kwamba Volkswagen waliweka programu inayotambua gari ya dizeli ikiwa kwenye mashine ya kupimia moshi. Kwenye mtihani gari inakuwa na adabu, ikitoka barabarani inatoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mnajua waligunduliwaje? Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha West Virginia, walifunga vifaa kwenye gari wakaziendesha barabarani. Walimpima mwanafunzi nje ya chumba cha mtihani, basi. Mimi hadithi hiyo hainipi ruhusa ya kudanganya. Inanionyesha kwamba kompyuta ya gari ni mwaminifu kama mtu aliyeiandikia.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosubiri bumu mkafunge ekzosi, na kaka zetu huko nyumbani: mkitaka mlio, badilisheni mafla ya nyuma, masega yabaki, tundu zisiwepo. Mkitaka nguvu kwenye turbo, hesabuni ekzosi, sensa pana na kupanga kompyuta kama bei moja, na msikanyage mpaka siku ya kupangwa. Fundi akisema "itajipanga", mwombeni awaonyeshe namba. Akiwa hana namba, ana maneno tu, na maneno nasi tunayo. Na taa ikiwaka, someni kosa lake kwanza, hata kama ni kwa mashine ya kuazima.

Mimi narudi kwenye maandalizi, kesho nafundisha somo la majaribio mbele ya wenzangu na mada yenyewe, amini usiamini, ni namna ya kutumia makosa ya mwanafunzi. Mwenye hoja tofauti anitafute kantini tubishane. Chai ya kwake, namba ziwe za kwake pia.